Mwonjaji wa Asali na Kidonda cha Mgongo

Sijapata kuona mtu mwenye ulimi mwerevu na kichwa kigumu kama jirani yangu, mwonjaji wa asali. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Kuku akitaga nyuma ya choo alimsikia, akamtuma mkewe akaokote yai kabla jogoo hajatangaza. Ila ukianza kumweleza jambo linalohusu mwili wake mwenyewe, uziwi ulimwingia papo hapo, katikati ya sentensi yako.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni vidonda: kuvisafisha, kuvifunga, na kuwaambia wenye navyo mambo wasiyotaka kuyasikia. Nimeishi ukuta kwa ukuta na mzee huyu hapa Ng'ambo, mjini Tabora, tangu sijaolewa. Watu wa mtaani husema nina subira sana. Wanasema hivyo kwa kuwa hawajawahi kuniona nikitoka kwake na beseni langu, nikiongea peke yangu. Habari zake naziandika kwa wakati uliopita kwa sababu mwonjaji hayupo tena. Mzee mwenyewe yupo, na juzi tu amenikasirisha.

Msimu wa kurina ulipofika, asali ya Sikonge iliingia mjini kwa baiskeli, kwa pikipiki, na juu ya malori ya tumbaku. Warinaji waliishusha kwenye ghala la mnunuzi mmoja, wakapanga madumu yao mstari mmoja, na hakuna dumu lililopokelewa mpaka mzee apite. Alikuwa na kijiti cha mninga alichokichonga mwenyewe. Anachovya, anaweka ulimini, anafumba macho, anatoa hukumu. Hii imechemshwa. Hii umeitoa kabla nyuki hawajaifunika, una haraka gani? Hii ni ya maua ya mti wa muyombo, hii nyuki wamepitia kwenye alizeti ya mtu. Nimewaona watu wazima wenye makovu ya nyuki usoni wakimkodolea macho kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Alikuwa na sheria mbili, na hizo ndizo zilizonimaliza. Ya kwanza, asali haitemwi. Alisema aliyeirina amepanda mti gizani, ameumwa, amevuta moshi, na ukiitema mbele yake umemtemea yeye. Kwa hiyo alimeza kila kijiti, dumu baada ya dumu, kutwa nzima, msimu mzima. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Asali iliyotiwa sukari hakuionja kabisa. Aliinusa tu, akafunika dumu, akasogea kwa anayefuata bila neno. Mrinaji aliyerukwa hivyo alijua, na wenzake wote kwenye mstari walijua, na kabla hajafika kwao Sikonge habari ilikuwa imeshamtangulia kwamba mwonjaji hakuionja asali ya fulani. Mtu akipatwa na hilo alipotea sokoni misimu kadhaa.

Walipogundua ana kisukari, nilikuwepo. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki, baada ya mkewe kunieleza kwamba anakunywa maji mtungi mzima na kuamka kukojoa usiku kucha. Daktari alimweleza polepole. Mzee alisikiliza kwa adabu, akaitikia, akapokea vidonge, na tangu siku ile akawa mgonjwa wa kisukari hodari kuliko wote niliowahi kuwahudumia, ilimradi ni kwenye chai. Kijiko kimoja cha sukari kikiingia kwenye kikombe chake kwa bahati mbaya, nyumba nzima ilijua. Kwenye harusi alirudisha soda mbele ya bibi harusi na kutangaza kwamba yeye ana sukari, hawezi kujiua kwa ajili ya sherehe ya mtu. Aliwahutubia wazee wenzake msikitini kuhusu ugali mwingi. Kisha asubuhi anakwenda ghalani na kumeza asali mpaka adhuhuri.

Nilimwuliza. Nilimwuliza kwa upole, nikamwuliza kwa ukali, nikamwuliza mbele ya mkewe ili aone haya. Jibu lilikuwa lile lile: sukari inatoka kiwandani, asali inatoka kwa Mungu. Nikamwambia mwili haujui kiwanda wala mti, ukipokea kitu kitamu unakipokea kama kitamu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umesomea vidonda. Asali niachie mimi." Siku moja nilikasirika nikamwambia yeye anayewaruka watu kwa kuchakachua asali, damu yake mwenyewe imechakachuliwa. Alicheka sana. Aliirudia ghalani kama mzaha wake mwenyewe, na hakubadilisha kitu.

Tena alikuwa mjanja. Siku mbili kabla ya kliniki alikula mlenda na majani tu, akawa kama mtu aliyefunga. Wakimtoboa kidole, sukari inaonekana nzuri. Anarudi nyumbani kifua mbele, anapita kwangu kwanza ili nijue. Mchovya asali hachovyi mara moja, na huyu alichovya kwa kibali cha serikali.

Nisimfanye mtu mbaya, hata kama nina hamu. Mama yangu alipofariki, mzee alikaa mlangoni kwetu mpaka msiba ulipokwisha, akiwaelekeza wageni pa kuegesha baiskeli na pa kunawa. Hakuniambia pole hata mara moja. Nilipolia alitazama pembeni, na chai ikaja. Nilipomleta mchumba wangu nyumbani, mzee alikuja kusalimia, akamwangalia anavyokunywa uji, na kesho yake akaniambia kijana yule anachovya kabla ya kunusa, kwa hiyo atakuwa mwaminifu lakini ataungua mara kwa mara. Mume wangu ni mwaminifu, na ameshanunua pikipiki mbovu mara mbili. Mtu wa namna hiyo unamchukia vipi? Hasira yangu yote imetoka hapo: macho yale yaliona kila kitu isipokuwa mwenye nayo.

Mgongo ulimharibikia kwa ukaidi huo huo. Kazi ya mwonjaji haikuwa kubeba, lakini yeye alisema dumu lazima uliinue kwanza, likwambie lenyewe kama lina maji. Akayainua yote, miaka na miaka. Ikafika wakati akawa anatembea ameinama, ameshika mapaja, na kila baada ya maduka machache anaingia dukani kusalimia. Mtaa mzima ulimsifu kwa ukarimu wa salamu. Mimi niliona kwamba akiingia anakaa, na akikaa uso unalegea. Aliacha kupanda baiskeli lakini hakuiacha nyumbani, aliikokota kila aendako kwa sababu akiiegemea miguu haikumwaka moto. Watu walidhani ni mapenzi ya baiskeli.

Tulimpeleka hospitali kubwa, mkoa mwingine, mimi na mkewe. Picha zikaonyesha pingili za kiuno zimebana mishipa inayoshuka miguuni. Daktari wa mifupa akasema inatakiwa kufunguliwa, kupanuliwa, na kufungwa vyuma ili pingili zishikamane. Mzee akauliza ni kesho au kesho kutwa. Daktari akasema kwanza tuone sukari. Mzee akatoa kidole kwa madaha, maana alikuwa ameshakula mlenda wake. Lakini safari hii hawakutoboa kidole. Walichukua damu ya mkononi, kipimo kinachosoma sukari ya miezi mitatu iliyopita, na kipimo hicho hakidanganywi na mlenda. Jibu lilipotoka daktari alitazama karatasi, akamtazama mzee, akaahirisha upasuaji.

Njia nzima ya kurudi Tabora alinung'unika. Yeye anaumwa mgongo, wao wanapima damu. Nilimweleza kwenye basi, tena na tena, mpaka abiria wa nyuma yetu akaelewa. Nikamwambia kisu ni kazi ya siku moja, kufunga ni kazi ya mwili, na mwili uliojaa sukari unafunga kwa uvivu. Wadudu wanaoingia kwenye kidonda wanapata karamu. Mfupa unachelewa kushika chuma. Mishipa iliyobanwa inachelewa kuamka. Abiria wa nyuma akasema kumbe ndivyo. Mzee alikuwa anatazama dirishani.

Kilichomwokoa hakikuwa maneno yangu. Msimu uliisha. Mizinga ilikuwa mitupu, ghala likafungwa, na hapakuwa na kitu cha kuonja. Alikula ugali mdogo na mboga, akajichoma sindano zake za insulini mkewe akimsimamia, akaimaliza miezi ile akiwa na hasira na kila mtu. Sukari ikashuka. Tuliporudi hospitali, daktari alimpongeza kwa nidhamu. Mzee akazipokea pongezi bila haya yoyote. Nilitoka nje nikanywe maji.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alipozinduka na kutulia alinipigia simu, sauti imejaa, akaniambia moto wa miguuni umezimika, umezimika kabisa mwanangu, kama mtu amefunga koki. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Wakamfundisha kusimama kwa fremu, wakamfunga mkanda wa kiuno, wakamruhusu. Wazo lake lilikuwa moja tu, na alimwambia kila aliyemsogelea: akipona atatembea kutoka mlangoni kwake mpaka ghalani bila kuingia duka hata moja.

Tatizo ni kwamba alirudi nyumbani msimu unaanza.

Kila anayejua kuuguza hapa kwetu anajua wageni wa mgonjwa wanavyokuja. Soda, juisi, maandazi, na lazima atatokea mmoja na kopo la glukosi kwa kuwa mgonjwa anahitaji nguvu. Hao niliwaweza, niliwapokea mlangoni, nikawashukuru, nikavipeleka vitu kwa watoto wa jirani. Lakini warinaji sikuwaweza. Walikuja kutoka Sikonge, na mmoja mmoja kutoka njia ya Urambo, kumpa pole mwonjaji wao, na mrinaji hatoi pole kwa maandazi. Kila mmoja alileta chupa ya asali yake, ile bora aliyoiweka pembeni, akamkabidhi mgonjwa kwa mikono miwili, kisha akakaa kwenye kiti akisubiri.

Akisubiri nini? Aonje. Mzee kulala kitandani hakukufuta sheria. Asipoonja, maana yake ameinusa akairuka, na mtu aliyesafiri kutwa kuja kumjulia hali atarudi kwao na aibu ya kuitwa mchakachuaji. Mzee alijua hivyo, mgeni alijua hivyo, na mimi nikajua hivyo kwa kuchelewa, nilipokuta chupa zimejipanga chini ya kitanda. Nilipomwuliza mkewe alishika kichwa. Alisema, nesi, nimfanye nini, nimfunge mdomo mbele ya wageni?

Nikampima. Sukari ilikuwa juu kiasi kwamba nilirudia nikidhani mashine ni mbovu.

Kidonda kilikuwa kimeanza vizuri, kikavu, nyuzi zimekaa kwa mstari. Sasa kingo zikawa nyekundu. Kisha zikalowa. Kisha siku moja nikafungua bandeji nikakuta sisimizi. Sisimizi walikuwa wamepanga safari kutoka ukutani, wakapanda mguu wa kitanda, wakapita kwenye shuka mpaka kiunoni kwa mzee, na kule walikuwa wanafanya kazi bila wasiwasi. Nilisimama na koleo mkononi nikauliza hiki ni kitu gani. Mzee, amelalia tumbo, akasema kwa utulivu kwamba kwa kuwa kidonda kimechelewa amemwomba mkewe apake asali kidogo, maana hata hospitali za wakubwa wanapaka asali kwenye vidonda. Nikamwambia wanapaka iliyosafishwa, kwa kipimo, juu ya kidonda kinachojulikana, hawamwagi ya kwenye dumu yenye miguu ya nyuki juu ya vyuma vya mgongo. Tena kupaka ni jambo moja na kumeza ni jingine. Akasema kwa hiyo kumbe inafaa. Nilitoka nje tena. Maji niliyokunywa mwaka ule kwa ajili ya mtu yule yangemwagilia bustani.

Usaha ulipoanza, homa ikafuata, tukarudi hospitali kubwa. Wakamwingiza tena chumba cha upasuaji, wakakifungua kidonda, wakakiosha, wakakiacha wazi kijifunge kutoka chini. Daktari wa mifupa alinivuta pembeni. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. Akasema, "Mimi kazi yangu nimeshaimaliza. Wadudu wakifika kwenye vyuma nitavitoa, na nikivitoa sijui kama atasimama tena." Nikampelekea mzee maneno hayo kama yalivyo, bila kuyapunguza. Safari hii aliyasikia, niliona. Lakini akauliza, sauti chini, "Na wale wanaokuja, niwaambie asali yao mbaya?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muda wote nilikuwa napigana na kitu nisichokijua. Nilidhani ni ulafi. Mzee alikuwa hawezi kuwavunjia watu heshima zao, hata kwa gharama ya mgongo wake. Kuelewa hakukunipunguzia hasira. Kuliiongeza, kwa kuwa mlafi unaweza kumtisha.

Tulirudi nyumbani na kishimo katikati ya kiuno ambacho nilikuwa nakijaza kitambaa kila nikitoka kazini. Wageni nao wakarudi. Jioni moja nilikuwa nimeshamfungua, mzee amelala kifudifudi, mgongo wote nje, ilipogongwa hodi. Mkewe akamkaribisha mgeni kabla sijasema neno. Alikuwa mrinaji mtu mzima wa Sikonge, ambaye mzee alimwonjea asali miaka mingi, sikio moja limevimba kwa kuumwa na nyuki siku hiyo hiyo. Akasimama nyuma ya pazia akatoa salamu yake ya Kinyamwezi, mzee akaitikia. Na chupa ilikuwa mkononi, nilimwona kupitia pembeni ya pazia.

Mkono wa mzee ukaanza kupapasa chini ya mto. Alikuwa anatafuta kijiti.

Sikupanga kufanya nilichofanya. Nilivuta pazia. Nikamwambia mgeni, "Baba, njoo uone asali yenu inakokwenda."

Mke wa mzee aliniita jina langu kwa mshtuko. Mrinaji alisogea, akaona. Kidonda kilikuwa kinatazama dari, chekundu, chenye kina, na pembeni kina weupe ambao si mzuri. Nikamweleza kwa maneno machache: huyu ana kisukari, kila tone analomeza kwa ajili yenu linakizuia hiki kufunga, na kisipofunga hatasimama. Mzee aliuzamisha uso kwenye mto. Mabega yalikuwa yamekaza kama ya mtu anayevuliwa nguo sokoni. Na kweli ndivyo nilivyomfanyia. Mbele ya mtu wa kazi yake, mtu aliyezoea kumsubiri kwa hofu, nilimwanika.

Mrinaji hakuondoka. Alivuta kiti mpaka karibu na kichwa cha mzee, akaketi. Akafungua chupa yake, akamimina kidogo kiganjani, akalamba mwenyewe. Akasema, "Mzee, leo ulimi ni wangu. Wewe uliza."

Kisha sauti ikatoka kwenye mto.

"Inakwaruza kooni?"

"Kidogo."

"Mwanzoni au mwishoni?"

"Mwishoni."

"Ikishapita inaacha nini?"

Mrinaji akafikiri, akalamba tena. "Uchungu mdogo. Kama gome."

"Ni ya muyombo," mzee akasema. "Nzuri. Irudishe nyumbani."

Mrinaji akashukuru kwa Kinyamwezi, wabeja, akafunga chupa yake, akaaga. Baada ya hapo sikukuta tena chupa chini ya kitanda. Habari zilipita njia ile ile zinayopita habari zote za asali, na wageni waliofuata walikuja, wakaketi, wakalamba viganja vyao, wakaulizwa maswali, wakaondoka na heshima zao. Ilikuwa inawezekana muda wote. Sijui kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hilo mapema, na sipendi kulifikiria.

Sukari ikashuka. Kishimo kikaanza kujaa kutoka chini, polepole sana, chekundu chekundu kama nyama ya mtoto. Mzee akaacha kusema nami. Aliniruhusu kufunga kidonda kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, lakini salamu yangu aliiitikia kwa kukohoa, na mengine yote yalipitia kwa mkewe, ambaye alikuwa amesimama hapo hapo kati yetu. "Mwambie nesi maji yamepoa." "Mwambie nesi anabana sana." Na mimi nilimjibu mama yule, mwambie mzee atulie. Tuliendesha hivyo mpaka ngozi ilipokutana na sikuhitajika tena. Siku ya bandeji ya mwisho nilikusanya vitu vyangu nikatarajia neno. Alimwambia mkewe anisindikize.

Mfupa ulishika. Aliiacha fremu, akashika mkongojo, akauacha na mkongojo. Ghalani mnunuzi alikuwa ameshaleta kimashine cha kupima maji kwenye asali, na kijana wa kukisoma. Mzee alipewa kiti kando yake, akawa anaulizwa pale kimashine na watu wanapobishana. Nilisikia haya kwa watu. Kwangu hakukanyaga.

Mvua zilipoanza mwaka huu, nilikuwa barazani asubuhi nasafisha uyoga. Nikasikia hodi, nikainua uso. Alikuwa yeye, amesimama peke yake, shati limepigwa pasi, kofia kichwani, katambuga zake za tairi miguuni, mgongo umenyooka kama nisivyowahi kuuona. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nimetoka ghalani," akasema. "Kwa miguu. Sijaingia duka hata moja. Nimekuja kukuonyesha, maana wewe unapenda kuona."

Neno lilinichoma, nikakumbuka lile pazia, na nililistahili. Ndipo macho yangu yalipoangukia sakafu nyuma yake. Baraza letu ni la saruji, na alikuwa ameacha nyayo kutoka getini mpaka aliposimama. Za kushoto zilikuwa vumbi. Za kulia zilikuwa damu.

"Mzee, kaa chini."

"Nimekaa mwaka mzima. Leo nasimama."

"Kaa chini, unavuja damu."

Akageuka kwa uangalifu, mwili mzima, kama walivyomfundisha. Akazitazama nyayo zile mpaka getini. Kisha akaniuliza, kwa udadisi mtupu, "Ya nani hii?"

Nilimkalisha kwenye mkeka na kuuvuta mguu mapajani mwangu. Msumari ulikuwa umepita kwenye tairi ukaingia kisiginoni, na kwa jinsi mchanga ulivyoshikamana na damu, alikuwa ametembea nao mbali. Pengine tangu mlangoni mwa ghala, barabara nzima, akipita maduka yote kwa fahari. Daktari alikuwa ametuambia siku ya kumruhusu: moto wa miguuni ulikuwa wa mgongo, na huo kisu kimeuondoa, lakini ganzi ya nyayo ni ya sukari yenyewe, na hiyo haina kisu. Avae viatu vya kufunika. Akague nyayo kila siku, au akaguliwe. Mzee alikuwa amesikia mpaka kwenye neno "kimeuondoa".

Maneno yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nayo ya kutosha mpaka jioni, na methali zake, na haki ilikuwa yangu. Niliposhika msumari nilimwangalia usoni ili nimwambie avumilie. Alikuwa anautazama mguu wake kama mtu anayetazama mguu wa mgonjwa mwingine kitanda cha jirani. Nikauvuta. Hakukunja hata uso. Na alipoona kwamba umetoka, mrefu vile, wenye damu, na yeye hakuhisi chochote, uso wake ukabadilika. Miaka yote ile, visu viwili, usaha na homa, sikuwahi kumwona mzee ameogopa.

Niliosha kisigino kwa maji na sabuni, nikaminya, nikafunga kwa kitambaa safi, nikimweleza tu kwamba tunakwenda hospitali sasa hivi na si kesho. Hakubishana. Nilipomaliza nikataka kusimama, akanishika bega. Akainama, taratibu, akavua katambuga ya kushoto mwenyewe. Akauinua ule mguu kwa mikono miwili, akauweka mapajani mwangu, unyayo juu.

"Na huu nao uuangalie, mwanangu," akasema. "Mimi sina habari nao."